Kijana Ndani ya Roboti

Katika gari la kwenda Chekalini, msichana aliyeketi karibu nami alikuwa anatazama katuni ya Kijapani kwenye simu. Kijana wa shule anapigana vita ndani ya roboti kubwa ya chuma, na mpenzi wake anamngoja nyumbani. Mzee mmoja akachungulia, akacheka. "Sasa hii ni vita ama ni harusi? Unaharibu macho bure, mama." Msichana akajibu, "Tulikuwa tunaiangalianga na Wesley wangu. Saa hii ako mpakani na jeshi. Huyu wa katuni angalau anarudi." "Hata kijana wangu alirudi," mzee akasema. "Tulikatazwa kufungua jeneza. Mama yake alililia mbao tu." Nikaangalia nje, ingawa kulikuwa na mahindi tu. Gari likasimama, mzee akashuka. Msichana akarudisha katuni nyuma, mpaka pale kijana bado anafunga mkanda wa kiti, kabla ya vita.