Ursula Wanzagi na Mstari Usiofanya Kazi

Baada ya miaka ishirini na miwili katika kiwanda chetu cha samaki hapa Musoma, Mama Ursula Wanzagi anastaafu tarehe 30 Juni 1996. Uongozi umeniomba niandike kwa heshima na nisigusie habari ya mstari. Heshima ipo. Habari ya mstari nayo ipo.

Alitoka Butiama na cheti cha ufundi umeme, na sauti isiyohitaji simu. Miaka ile ya shida, sabuni ikiwa ya foleni na vipuri vikiwa ndoto, aliendesha mitambo ya baridi kwa nyaya za redio mbovu. Soko huria lilipoleta wanunuzi wa sangara, wakaja na kompyuta ya kuendesha mitambo. Wengi tuliiogopa. Yeye alikwenda kozi Dar es Salaam, akarudi akaiandikia mwenyewe programu ya ndani kabisa, ile inayoongea na vali na kompresa, mtambo unaosukuma gesi ya baridi.

Hapo ndipo alipogombana na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Aliandika: fungua vali, kisha washa kompresa. Kompaila, kwa kiherehere cha kuharakisha kazi, ikaona amri hizo hazihusiani, ikazibadilisha nafasi. Aligundua kabla amonia, gesi hiyo ya baridi yenye sumu, haijatiwa. Unga na maji vyote huingia sufuria moja, alituambia, lakini jaribu kutanguliza unga! Basi akaweka katikati mstari mmoja, akauita USIPANGUE. Mstari huo hauiamrishi mashine kufanya lolote. Unaikataza kompaila tu kuvusha amri upande wa pili.

Mwaka 1994 ulikuwa wa kupunguza. Kila kisichofanya kazi kiondoke, watu na vitu. Mhandisi Clementi, aliyeletwa kukagua, akaukuta mstari usiofanya kazi, akaufuta, programu ikatafsiriwa upya. Mama Ursula akasimama kwenye mlango wa chumba cha kompresa, mikono kiunoni, akasema hapiti mtu. Meneja akamwambia achague, mlango au kazi yake.

"Mimi sipangiwagi na mashine," akajibu, "sembuse wewe!"

Tukasimama naye Pastory, Dafroza na mimi, maana zamu ya kuingia humo ilikuwa yetu. Kompresa ikawashwa kutoka ofisini, chumba kikiwa kitupu. Vali ilikuwa bado imefungwa. Bomba likapasuka, amonia ikajaa mle ndani, nasi tukatimua mbio hadi ufukweni. Nililia, sioni haya kusema. Clementi aliurudisha mstari kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo kila akija Musoma hula sato kwa Mama Ursula kule Mwisenge. Mama Ursula alipewa onyo kwa utovu wa nidhamu. Halijafutwa mpaka leo, na yeye hajaomba lifutwe.

Mengine mnayajua. Kwaya ameiongoza, na chai ya ofisini ole wako utangulize sukari.

Mama, asante kwa pumzi tunayovuta. Nenda Butiama ukalime mihogo yako. Tunakutakia maisha mema, na majirani wavumilivu. Kompyuta mpya inafika mwezi ujao na kompaila yake, na tayari tunasikia minong'ono kuhusu mistari isiyofanya kazi. Waje. Mlango ule tunaujua, na sisi pia hatupangiwagi.