Citoyen Kasongo Lukangila, Aliyejiita Mwongo Redioni (1931–1990)

Ndugu, jamaa, majirani wa Kabondo, na ninyi wawili mliokuja bila kualikwa, familia inawashukuru kwa kumsindikiza raia mwenzenu, Citoyen Kasongo Lukangila. Anayesoma ni Florentine, binti yake wa kwanza. Mkisikia nasoma haraka, msidhani nina safari. Ni woga, na nyumbani kwa marehemu woga si mgeni.

Kasongo alizaliwa Kibombo, Maniema, tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa Papa Alfani na Mama Safi. Baba yake alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, alikwenda vitani Abisinia na kurudi na kikohozi na hadithi. Majina ya majenerali aliyachanganya kila mara. Lakini alikumbuka vizuri siku waliyopewa maharagwe yenye wadudu na siku waliyokosa hata hayo. Mtoto akasikiliza, akaanza kuandika.

Alisoma shule ya misheni Kibombo, alikobatizwa Cyprien, kisha akapanda boti kuja mjini hapa kusomea ualimu. Alipata diploma tarehe 2 Julai 1951, akafundisha historia Kabondo miaka kumi na minane. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka chaki zilizorushwa kwa shabaha.

Tarehe 18 Agosti 1956 alifunga ndoa na Mama Berthe, binti wa wavuvi wa Yanonge. Wakwe walimjaribu kwa kumpa kasia. Mtu wa Maniema akauzungusha mtumbwi pale pale mpaka mama mkwe akaketi chini kwa kicheko. Mke alipewa hata hivyo.

Mwaka 1970 redio ya mji ilimpa kipindi cha Jumapili, Askari Anasimulia. Kwa miaka minane aliwatafuta askari wazee kwa baiskeli, hata Bafwasende, akajaza madaftari thelathini na moja. Alikuwa na desturi moja ya kazi. Baada ya mtu kumaliza kusimulia vita, alimuuliza: siku ile mlikula nini? Alisema askari hudanganya juu ya risasi, ila juu ya chakula hakumbuki kudanganya. Kila ukanda wa sauti ulisikilizwa kwanza na wakubwa, na yeye aliridhika hivyo, maana hakuwa mtu wa kutafuta makuu.

Hapa, ninyi wenye programu ya mazishi mkononi mtaona mstari mmoja tu: "Aliacha kazi ya redio mwaka 1978." Yafuatayo hayakuchapishwa. Yameandikwa jana kwa mkono.

Jumapili, tarehe 17 Septemba 1978, mashine ya kurekodi iliharibika, kipindi kikaenda hewani moja kwa moja. Mgeni alikuwa kaporali mstaafu, Papa Sefu, jirani yetu. Alisimulia maasi ya mamluki ya Julai 1967 na kambi aliyokuwa akiilinda. Sote tulijua kisa cha kambi ile, watoto walikikariri shuleni: kwamba komanda wake alisimama na bunduki mpaka jua likazama. Komanda huyo, kufikia 1978, alikuwa amekuwa mkubwa sana serikalini. Kasongo, kwa mazoea tu, akauliza swali lake.

"Bon, tulikula kuku ya commandant," akajibu Sefu. "Yeye alikimbia asubui na jeep, akaacha sahani juu ya meza. Kuku ilikuwa bado moto. Alors, tukakula."

Mji mzima ulicheka. Kasongo peke yake hakucheka. Aliweka muziki kabla ya wakati. Kabla ya saa kumi jeep ilisimama mbele ya nyumba ya Sefu, wakamchukua akiwa na ndala mguu mmoja.

Kesho yake asubuhi Kasongo alivaa shati safi. Mama Berthe akamshika mkono mlangoni.

"Cyprien, batakuua weye."

"Mama Florentine, niko naogopa sana. Lakini ule muzee, ni mimi nilimuleta ku micro."

Akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama. Akawaambia kwamba Sefu hakujua lolote, kwamba yeye ndiye aliyetunga kisa cha kuku, akamfundisha mzee maneno na kumlevya. Walimweka siku sita. Hakusema kamwe walimfanya nini humo, na familia haikumlazimisha. Siku ya saba wakampeleka studio akasoma mbele ya micro, kwa sauti ile ile mliyoipenda, kwamba yeye ni mwongo na kwamba vipindi vyake vyote ni vya uwongo. Alisoma hivyo Jumapili tatu. Madaftari yalichukuliwa. Sefu aliachiliwa.

Tangu hapo mji ulimwita Papa Lokuta, Baba Mwongo. Wengine mko hapa. Alikuwa akivua kofia na kuwasalimu. Alilima muhogo kwenye kilomita ya kumi na nne ya barabara ya Bafwasende, na kila gari liliposimama karibu, jembe lilisimama pia. Alitukataza kumtetea, maana siku ukweli ungetoka, wangemrudia Sefu. Basi tukanyamaza. Tuliona aibu, na wakati mwingine, Mungu atusamehe, tulimwonea aibu yeye.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1987. Mwezi uliopita upande wa kulia ulipooza. Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 7 Februari 1990, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Berthe.

Jana Papa Sefu alikuja matanga, akaomba asomewe programu. Tulipofika kwenye mstari ule wa redio, akatusimamisha.

"Apana. Muandike jina yangu. Miaka kumi na moja mutu iko nabeba uongo juu yangu, et puis hata haikuwa uongo. Commandant alikimbia. Minasema mimi."

Tukamwambia: Papa, watakuja tena. Akajibu, "Bakuje. Batanikuta ku kaburi ya rafiki yangu."

Familia ilibishana mpaka chakula kikapoa. Mama Berthe ndiye aliyeleta kalamu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Berthe, watoto wanne, Florentine, Augustin, Émilie na Arthur, wajukuu tisa, dada yake Odile aliyefika jana kutoka Kindu, na Sefu, kaporali mstaafu, aliyesimama kushoto kwa jeneza kwa hiari yake. Ninyi wawili mliokuja kuandika majina, anzeni na lake. La pili ni Florentine, lenye herufi kumi, andikeni polepole.

Papa, hukusema uwongo redioni ila Jumapili tatu. Sasa umesomewa ukweli. Lala kwa amani.