Maisha ya Mbusa Malachie na Mfuko wa Makala Uliopimwa Mususa

Wachungaji, wazee, majirani wa mitaa ya Mususa na Kimemi hapa Butembo, nanyi mliotoka Beni na Mutwanga pamoja na ubaya wa njia, leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2003 familia inawasomea maisha ya mzee wetu, na inawaomba mvumilie sehemu moja ambayo isingependa kuisoma, lakini mwenyewe aliagiza isomwe.

Mbusa Malachie alizaliwa Mutwanga tarehe 3 Februari 1948, mtoto wa pili wa Syauswa na Jokébed, wakulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1955 hadi 1961, na sekondari Beni hadi 1967, kisha akaenda Yangambi kujifunza kilimo na misitu, akamaliza mwaka 1973. Huko alilala chumba kimoja na mwanafunzi mgeni, mtoto wa nchi ndogo ya visiwa, wakawa ndugu, na ingawa marehemu hakukanyaga visiwa hivyo hata siku moja, urafiki huo ndio uliobeba sifa yake na aibu yake.

Tangu 1974 alikuwa agronomu, bwana shamba wa serikali, Beni, na wale waliofanya kazi naye wanashuhudia kwamba hakuandika kilo ambayo hakuiona kwenye mizani. Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Kyakimwa Rébecca, Mungu akawapa Joyeuse na Mathe, ambao wako mbele yenu, na Léa, aliyefariki Januari 1997, miezi miwili baada ya familia kuikimbia vita ya Beni kwa miguu na kupokelewa Mususa.

Mwezi wa Machi 1999, katikati ya vita ya pili, wachuuzi walimletea bahasha iliyopitia Kampala, ambamo yule rafiki, ambaye sasa alikuwa mkuu wa ofisi ya mazingira kwao, alimwomba ahesabu gesi zinazoongeza joto la dunia zilizotoka katika nchi yake tangu 1990 hadi 1998, ili ionekane kama zinapanda au zinashuka. Ndani ya bahasha, hesabu za mafuta ya petroli zilikuwa kamili, na za makala, yaani makaa ya kupikia, kuanzia 1990 hadi 1994, zilikuwa kwa kilo, lakini za miaka minne iliyofuata ziliandikwa kwa mifuko tu, bila uzito. Marehemu hakuandika kuuliza, bali alinunua mifuko mitatu ya makala pale Mususa, ile ya kwetu inayoshonewa kichwa cha majani juu ya mdomo, akaipima kwa mizani ya kahawa, ikatoa kilo sitini na nane, sabini, na sabini na mbili, akaandika sabini. Mke wake, aliyeshika taa ya kumulikia mizani, alimuuliza, "Baba Joyeuse, uko hakika mufuko ya kule iko sawa na ya hapa kwetu?" naye akacheka, "Mama, makala ni makala!"

Kwa hiyo mstari wa gesi za visiwa, uliokuwa umelala miaka mitano, ulisimama ghafla mwaka 1995 na kupanda kama mlima, na ripoti ikatoka ikiwa na jina lake. Tulijivuna, hatukatai, ilionyeshwa hata kanisani, na majirani wakampa jina, wakimwita kutoka barazani, "Muzee wa Moshi, na moshi ya bunduki za huku utahesabu siku gani?" naye alikuwa akijibu, "Muniletee kwanza mizani!"

Tarehe 8 Februari 2001 rafiki yake aliandika kwa furaha kwamba, kwa sababu ya hesabu hizo, serikali yao imefunga matanuru ya makala ya familia arobaini mlimani, akatia picha ya mama mmoja aliyesimama mbele ya tanuru lililozimwa, pembeni yake mfuko wa mwisho. Marehemu hakumtazama mama, alitazama mfuko, kwa maana wa kwetu humfika mtu kifuani, na ule haukupita goti. Siku hiyo hakula. Alihesabu upya, akiuwekea kilo ishirini na nane kwa kuukadiria pichani, na mlima wote ukalala chini: gesi za makala hazikuwa zimepanda hata kidogo.

Akanyamaza miaka miwili na zaidi. Alisema vita ilifunga njia, lakini familia imeipima sababu hiyo na haiwezi kuitetea, kwa kuwa njia ya Kasindi, ile ya kwenda Kampala, ilipitika miezi mingi, na Agar, dada wa mke wake, mchuuzi wa vitenge, aliipita mara tisa akiwa na nafasi ya barua ndani ya mzigo.

Aprili mwaka huu ini lilianza kumsumbua, na tarehe 19 Mei, akiwa hospitalini hapa Butembo, alitia sahihi barua ya kukiri kosa, picha na hesabu mpya zikiwa ndani, akaikabidhi kwa mtoto wa dada yake, Maître Lusenge, wakili, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii. Lusenge aliiweka mezani kwake. Alipoulizwa, "Maître, ile barua ilienda?" alimjibu mjomba wake, "Muyomba, picha moja haiwezi kuwa ushahidi, tungoje kwanza," na mgonjwa akamwambia, "Mimi njo nilikosa, na mimi njo nasema nilikosa, sasa unatafuta ushahidi gani tena?" Ukweli ni kwamba Lusenge hakutafuta ushahidi wowote, aliogopa jina la familia, na Alhamisi tarehe 12 Juni, saa nane mchana, mzee aliaga dunia akiwa ameuliza tena asubuhi ile, na akajibiwa kwamba bado.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupokea wakimbizi na leo wametupikia, na maagronomu wenzake wa Beni waliobeba jeneza. Kwa zile familia arobaini, ambazo hazitusikii, tunaomba msamaha, wala hatujui kama matanuru yao yatawashwa tena, na hatutadai kujua.

Jana jioni Mama Rébecca alitoa barua ile juu ya meza ya Lusenge, na mbele ya mwili Joyeuse na Mathe wakaandika majina yao chini ya sahihi ya baba yao, na Lusenge akaandika lake la mwisho, pamoja na tarehe zote mbili, ya siku aliyoipokea na ya siku aliyoiachilia. Agar hayuko kati yetu kwenye mazishi haya, msimlaumu, alipanda gari la Kasindi leo saa kumi na mbili asubuhi.

Muyomba, barua imeenda. Pumzika kwa amani.