Atatuzwa Nani?

Kwenye kivuko cha Pangani, kijana aliyejitaja kuwa Khozema alikuwa hatulii na sanduku lake la santuri. Bibi mmoja aliyeketi kando yangu akamwuliza anauza nini.

"Siuzi, bibi. Mimi didjei. Leo hoteli ya Bweni wananijaribu. Wakinikubali, sirudi dukani kwa baba."

"Unaliacha duka, na maduka sasa yamejaa bidhaa?"

"Ndiyo taabu. Miaka ya uhaba, rafu zilipokuwa tupu, nilisikiliza redio kutwa, muziki wa soul nikaujulia hapo. Sasa vitambaa vimerudi, baba ananitaka kaunta."

"Nani anaimba humo?"

"Soul ina waimbaji. Muziki wa house, ninaoupenda zaidi, mara nyingi ni ngoma tupu."

Bibi akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeibiwa. "Kwenye taarabu tunanyanyuka kumtuza mwimbaji. Hapo atatuzwa nani?"

"Mimi."

"Umeimba?"

"Nimechagua, bibi. Nimeunganisha."

"Hata mpishi anaunganisha. Hatumtuzi."

"Basi mnamdhulumu."

Nilicheka ndani ya mtandio wangu. Bibi hakucheka. Kivuko kilipogusa ng'ambo, Khozema alibeba sanduku akatangulia, karibu akimbie. Bibi alifungua fundo la kanga anamowekea hela, akamtazama mgongoni, akalifunga tena.