Cheti Changu Kirudisheni Ofisini

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu imeanza kuondoka kabla yangu, na sitaki msikie nusu ya maneno halafu nusu nyingine mje kubishania makaburini. Wewe binti yangu, kifungua mimba, keti hapa kitandani, usiogope kunibana mguu. Na wewe kitinda mimba, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga. Ninayosema leo nayasema nikiwa na akili zangu timamu.

Nyumba hii ni yenu wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake, na chumba cha nyuma akae shangazi yenu mpaka atakapopenda mwenyewe kuondoka. Cherehani achukue dada mtu, kwa sababu wewe, mwanangu, hata kifungo kinakushinda. Shamba la bondeni mgawane kwa kufuata mfereji, dada upande wa barabara, kaka upande wa mto. Mali yangu ndiyo hiyo, imekwisha. Lililobaki ndilo lililonifanya niwaite.

Jana Mkurugenzi wa maji alikuja kunijulia hali na kapu lake la machungwa, mkafurahi, mkaenda kumwandalia chai. Mlipotoka, aliniinamia akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi na kijana wako. Kiti chako cha kusimamia mtambo wa kusafisha maji tutampa yeye. Cheti chako kitabaki palepale ukutani mtamboni, afanye kazi kwa jina lako mpaka atakapofaulu mtihani. Nani atauliza?" Alisema kwa mapenzi, simlaumu, alidhani ananituliza. Na wewe, mwanangu, najua ulishaambiwa, maana tangu asubuhi unayakwepa macho yangu. Sasa sikia kwa nini nasema hapana.

Nilianza pale ofisini kama mpiga chapa, msichana wa kuandika barua za watu wengine. Siku moja mkuu wa mtambo, mzee tuliyemwita Bwana Klorini kwa sababu koti lake lilinuka dawa hiyo hata siku za mapumziko, alituzungusha wafanyakazi wapya. Niliona mto ukiingia upande mmoja, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Nikaona ukitiwa shabu, tope likishikana mabonge mabonge na kuzama polepole bila kelele, nikaona maji yakipita kwenye mchanga, na mwisho nikasimama kwenye ukingo wa tangi ambalo sakafu yake niliiona kana kwamba hakuna kitu ndani. Wanangu, nilishika chuma cha ukingo kama mtu aliyeingia mahali pa ibada akiwa na viatu. Yule mzee akanitazama, akasema, "Usiyapende kwa kuwa yanang'aa. Yapo yanayoua nayo yanang'aa hivyohivyo. Kujua tofauti ndiyo kazi yetu." Sikurudi tena kwenye mashine ya chapa na moyo mmoja.

Nilisoma huku nawalea. Mtihani wa daraja la juu niliufanya nikiwa na mvi tayari, na mlinzi wa lango aliponiona akanionyesha njia ya jikoni, akidhani nimekuja kupika. Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. Na hata baada ya kufaulu, kila muda wa cheti ukiisha nilirudi darasani kukaa na vijana wa umri mlio nao sasa, kwa sababu sheria haitaki mtu aliyewahi kujua, inataka anayejua sasa.

Halafu ikaja siku ya lile gari. Mlikuwa wadogo, mnakumbuka kiu tu. Mvua kubwa ilinyesha milimani, na lori lililobeba dawa ya kuulia wadudu wa mashamba likateleza darajani, juu kidogo ya pale tunapochotea, likapinduka na mapipa yake mtoni. Dereva alitoka mzima, na jambo la kwanza alilofanya, Mungu ambariki, ni kukimbia mpaka langoni kwetu akiwa amelowa chapachapa, akipiga kelele, "Fungeni maji! Fungeni maji!"

Mkurugenzi wa wakati ule alikuwepo. Akasema tusubiri majibu ya maabara, huwezi kuukausha mji kwa maneno ya dereva. Mimi nikasema mwenye zamu ni mimi.

Akaniuliza, "Na ukikosea?"

Nikamjibu, "Nikikosea mimi, watu watalala na kiu. Ukikosea wewe, bwana, hawataamka."

Uso ulimwiva. Kisha akaondoka njiani, akanipisha. Mimi na Mrefu, msaidizi wangu, tulilizungusha lile gurudumu la lango la mto mpaka viganja vikachubuka, tukazima pampu, nikawapigia simu wadhibiti wa maji, wale wanaotoa vyeti, kama sheria inavyodai, kisha nikapanda gari la ofisi na kipaza sauti, kwa sababu sikujua kama kuna yaliyokwisha kutangulia kwenye mabomba.

Nilitegemea matusi. Joto lilikuwa kali, na mimi nazunguka mitaani nikiwaambia watu wamwage maji waliyokinga. Kwenye mtaa wa kwanza alitoka mama mmoja, kichanga mkononi, chupa ya maziwa ya unga aliyoyakoroga muda uleule mkono wa pili, mtoto analia. Akaniuliza, "Nimpe?" Nikasema, "Usimpe, mama." Akaigeuza ile chupa, akamwaga yote chini, bila kuuliza swali la pili. Hanijui. Hajui nilisoma wapi. Halafu nyuma yake mlango ukafunguliwa, na mwingine, na mwingine, watu wakatoka na ndoo na masufuria na madumu, wakamwaga, mtaa mzima ukawa unatiririka kwenye jua, na hakuna aliyenitukana. Nilishusha kipaza sauti. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Yaani watu wengi hivyo, na roho zao, na watoto wao, wamekuamini wewe usiye na uso kwao. Nani anastahili kitu kama hicho? Mimi sikustahili. Nilikuwa nimesomea tu, nikajaribiwa, nikapewa.

Maabara walithibitisha sumu ile mtoni. Mjini hakuugua mtu.

Ndiyo maana, mwanangu, kiti kile mtoto hakirithi kwa mama. Nikikuachia cheti changu nitakuwa nimemdanganya yule mama aliyemwaga maziwa. Mtihani ulikuangusha, utaukalia tena, na safari hii usome hesabu za dawa kabla akili haijachoka usiku. Najua unaweza. Lakini mpaka hapo, mtambo aushike Mrefu.

Najua, mnakunja nyuso. Hamumsalimii tangu alipomripoti mjomba wenu aliyeandika vipimo vya klorini ambavyo hakuvipima, mjomba akanyang'anywa cheti. Yule ni ndugu yangu wa tumbo moja, na nililia. Lakini Mrefu alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo siku ileile, ninyi ndio hamkutaka kusikia. Kesho mwende kwake wote wawili, mumwombe msamaha. Na wewe ukafanye kazi chini ya mkono wake, umwite kaka.

Binti yangu, kile cheti kitoe ukutani pale mtamboni, kwenye fremu yake... ngoja, nipumue... kipeleke ofisini kwa wadhibiti, wakifute mbele ya macho yako. Usiondoke kabla hawajakifuta. Machungwa ya Mkurugenzi mleni, hayana kosa.

Mbona kumekuwa na giza? Hapana, acheni taa. Nashikwa na kiu. Si hayo ya chupa, mwanangu, ya bomba. Subiri kwanza. Nani yuko zamu leo?

Mrefu?

Basi kinga. Jaza glasi.

Ah. Matamu. Yametoka mbali, haya... Njooni niwawekee mikono kichwani, nisaidieni kuinua huu wa kushoto. Mungu awape miili mizima na ndimi za kweli. Wanaowategemea msiowajua, wasidhurike kwa ajili yenu. Nimekuwa radhi nanyi. Wote wawili... radhi. Sasa niacheni ninywe.