Dada Yetu Aliyeandikwa "Hayupo"

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi rangi na muuza mboga. Alipokuwa na miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakupona.

Alianza shule Januari 1976, dawati la mbele, sare imepigwa pasi. Mwalimu aliita majina huku macho yake yakiwa kwenye daftari, na asiyeitika aliandikwa "hayupo". Desemba dada akafukuzwa kwa utoro. Baba alipokwenda kulalamika, mwalimu mkuu alimwambia daftari halisemi uongo. Kusoma nilikuja kumfundisha mimi, mdogo wake, kwa madaftari yangu.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, kushona vifungo. Kwa miaka ishirini na sita hakupandishwa cheo, eti msimamizi lazima asikie king'ora. King'ora chenyewe kilikufa mwaka 1991.

Hapo ndipo alipompata mumewe, mtunza stoo, aliyemletea shati lake kila wiki likiwa halina vifungo. Mara ya nne dada aligundua nyuzi zimekatwa kwa mkasi, akalishona shati lote mbele, kutoka shingoni hadi chini. Walioana tarehe 14 Agosti 1993. Shemeji alimwita kwa kugonga meza, naye, akihisi mtetemo, aligeuka kila mara.

Jumanne iliyopita, tarehe 3 Juni 2014, saa mbili asubuhi, alifika hospitali akiumwa kifua. Shemeji alizuiwa getini. Dada alimpa karani kikaratasi: "Sisikii. Niguse bega." Karani alikibana kwenye faili bila kukisoma. Akaita mara tatu bila kutazama benchi, na kwa utaratibu wao faili likarudi chini ya rundo. Saa nne ikawa hivyo hivyo, na saa sita pia. Saa nane mfagiaji alimgusa bega ili ainue miguu, akamkuta ameshafariki.

Nilipokwenda kulalamika, mganga mkuu alinijibu, "Dada, aliitwa. Hakuitika." Kikaratasi kilikuwa mbele yake, juu ya faili. Shada la maua walilotuma nimeliacha nje ya geti la nyumbani, lisubiri kuitwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi ndugu zake watatu, ambao hatujasamehe. Kwenye faili lake, mara tatu, wameandika neno lile lile la shuleni: "hayupo". Leo, kwa mara ya kwanza, ni kweli.

Pumzika, dada. Hakuna atakayekuita tena.