Siku Mama Odeta Alipoiamuru Jeti

Ndugu Meneja wa Mgodi, uliyeketi meza ya mbele kwa haki yako; Baba Paroko; wazee wetu wa Buswelu, shikamooni; marubani wa jeti, ambao kila siku mnatangulia ila leo mmefika baada yangu; marubani wenzangu wa ndege ndogo; na wewe Mama Odeta, unayestaafu leo, mwenye sherehe: nawasalimu nyote, na niliyemsahau ajihesabu kuwa yumo.

Mimi ni Kapteni Ojwang. Ninarusha ndege ya propela moja, inayopeleka chanjo na waganga visiwani na ng'ambo ya ghuba. Msinicheke. Siku upepo ukinikabili, nikitazama chini naona kivuko cha Sengerema kinanipita, na abiria wananipungia mkono kwa huruma. Na anga hiyohiyo ina jeti za kukodi zinazoleta wafanyakazi wa zamu mgodini. Jeti ukisema "ile pale", imeshakuwa "ile kule". Sasa niambieni, kobe na bodaboda watumie uchochoro mmoja, na kwenye kona pasiwe na trafiki, atapona nani?

Tumepona wote, ndugu zangu, kwa sababu ya mwanamke huyu. Kwa miaka kumi na tisa Mama Paskazia, tunayemwita Mama Odeta kwa jina la binti yake, amekaa kwenye kile chumba cha bati kando ya uwanja wa ndege wa mgodi, na redio yake, na kikombe chake cha chai ya maziwa. Uwanja ule hauna mnara wa kuongozea ndege. Kazi yake kwa mkataba ni kutoa taarifa tu: upepo unatoka wapi, nani yuko angani, ng'ombe wa nani wameingia njiani. Kuamuru ndege hana ruhusa. Siku moja aliniambia, "Kapteni, kuna ng'ombe watatu kwenye njia ya kutua. Wawili wanaondoka. Wa tatu amelala, na anavyonitazama hana haraka." Nilizunguka dakika kumi na mbili kwa ajili ya yule wa tatu.

Na alikuwa na sheria yake, aliyomwimbia kila rubani mgeni: aliyeona aseme ameona, asiyeona aseme hajaona, hewani hakuna aibu. Ikumbukeni hiyo.

Miaka sita iliyopita, Ijumaa, saa kumi jioni, nilikuwa naelekea uwanja ule na boksi la chanjo na nesi Rebeka, yule pale anayejificha nyuma ya soda. Jeti nayo ilikuwa inazunguka ili itue. Rubani wake alikuwa Nathaniel. Simama baba, wakuone. Redioni sheria inataka Kiingereza, tena kifupi. Lakini Nathaniel amelelewa na bibi yake kule Igoma, akaanza na "Shikamoo, mzee Ojwang." Nikaitikia marahaba. Akauliza, "Mzee, umetuona?"

Jua lilikuwa limenikaa machoni, na moshi wa mashamba umetanda. Sikuona kitu. Lakini jamani, umeamkiwa mbele ya kila rubani mwenye redio, kijana anakuuliza kwa adabu kama umeona, na wewe ni Mjaluo wa Shirati. Utajibu hujaona? Nikasema, kwa sauti nene kabisa, "Nimekuona, mwanangu. Endelea." Naye akaendelea, kwa sababu neno la mzee ni neno.

Mama Odeta akaingia: "Ojwang, umemwona wapi?" Nikasema, "Si yuko pale." Hewani "pale" ni wapi? Akasema, kwa ile sauti anayoitumia kwa binti yake akichelewa kurudi, "Nathaniel, geuza kushoto, panda juu, sasa hivi." Nathaniel akageuza. Ndipo nikaiona jeti, tumbo lake lote, na Rebeka anasema alisoma maandishi yake. Ndani mlikuwa na watu thelathini na wanane. Sisi tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa mwongo.

Jeti ilichelewa dakika ishirini. Mkubwa mmoja akakosa kikao, akalalamika, na Mama Odeta akapewa barua ya onyo kwa kuamuru ndege bila mamlaka. Kwa barua ile alikosa kazi aliyoitamani kuliko zote, ya kuwafundisha vijana wa redio. Ndugu Meneja, uliisaini wewe, nami sikulaumu, maana maelezo uliyoletewa yalikosa sentensi moja, na sentensi hiyo nilikuwa nayo mimi. Nimekaa nayo miaka sita. Yeye hakuwahi kuniuliza. Kila Ijumaa aliniambia upepo, akaniambia ng'ombe, basi. Niliona aibu kila nilipoisikia sauti yake, na hata sasa naiona.

Nimesikia mgodi unatafuta mstaafu wa kuwafundisha vijana hao wa redio, na kwamba jina la Mama Odeta limekwama kwenye barua ile ya onyo. Basi nimeandika. Nimesaini mimi, amesaini Rebeka, na Nathaniel amesaini hapo nje kabla ya pilau kupakuliwa. Ninaiweka hapa mezani kwako, kando ya sahani. Inasema: "Siku ile sikuiona jeti. Nilisema nimeiona." Wenye kutoa leseni nimewapelekea nakala; wakitaka kuichukua yangu, nyumbani kwangu wanapajua.

Mama Odeta, usiinamishe kichwa, leo si zamu yako ya kuinama. Ulitufundisha kwamba asiyeona aseme hajaona. Nimechelewa miaka sita kusema, lakini unaijua ndege yangu.

Ndugu zangu, nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Wewe, Mama Odeta, nakushukuru kwa kutonisikiliza.